Vipimo vya ardhi na ukubwa wa kiwanja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya kununua

Majibu haya yanahusu zaidi Tanzania Bara. Penye tofauti na Kenya tumesema. Tumeanza na swali linaloongoza kwa kuwatia watu hasara.

Tangazo linasema "kiwanja 20 kwa 20, milioni nane". Ni 20 za nini?

Muulize dalali kabla hujauliza kingine chochote, na akujibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp. Kuanzia Chanika, Kigamboni, Mkuranga hadi Kibaha utakuta viwanja vinauzwa kwa mita, kwa hatua na kwa futi, na vyote vinatangazwa kwa namna moja: "20 kwa 20".

Ikiwa ni mita, unapata mita za mraba 400. Ikiwa ni hatua, inategemea miguu ya nani. Hatua ya kawaida ya mtu mzima, asiyejilazimisha kurusha mguu, huwa kama sentimita 75. Hatua 20 za namna hiyo ni mita 15, na 15 mara 15 ni mita za mraba 225. Yaani upande umepungua kwa robo, lakini eneo limepungua kwa asilimia 44. Ndiyo maana watu wanaumia bila kushtuka: wanaona kila upande umepungua kidogo tu, wanasahau kwamba upungufu unajizidisha pande zote mbili.

Sasa irudishe kwenye pesa. Milioni nane kwa mita za mraba 400 ni shilingi 20,000 kwa kila mita ya mraba. Milioni nane hiyohiyo kwa 225 ni zaidi ya shilingi 35,500. Jirani anayeuza kiwanja cha kweli cha mita 20 kwa 20 kwa milioni kumi, uliyemwona ghali, kumbe ndiye mwenye bei nafuu. Viwanja vilinganishwe kwa bei ya mita moja ya mraba. Bei ya jumla peke yake haikuambii kitu.

Kwani kupima kwa hatua ni utapeli?

Hapana. Ni njia ya wazee wetu, na kijijini bado inafanya kazi pale ambapo wote wawili wanakubaliana na mashahidi wapo. Tatizo ni kuitumia kulipia kwa bei ya mjini. Shambani, pungufu ya mita tano inaweza kuwa mstari mmoja wa mihogo. Kwenye kiwanja cha kujenga, mita tano ndiyo njia ya gari kuingilia.

Ikiwa muuzaji anashikilia hatua, kubali apige hatua zake, kisha wewe pitisha tepu ya mita 30 au 50 palepale. Mtu mmoja ashike mwanzo, mwingine avute hadi tepu inyooke kabisa. Tepu iliyolegea au iliyopita juu ya kichaka inaongeza mita ambazo hazipo.

Ekari moja ni kubwa kiasi gani? Na ile "70 kwa 70"?

Ekari moja ni mita za mraba 4,047, ukiondoa desimali. Kama ni mraba kamili, kila upande una takriban mita 63.6. Kwa yadi ni karibu 69.6, na yadi moja ni sentimita 91.44, kwa hiyo "70 kwa 70" ni ekari ya yadi, na hatua ndefu za makusudi hukaribia yadi.

Zipime 70 hizo kwa mita, unapata mita za mraba 4,900, yaani ekari moja na robo hivi. Zipige kwa hatua za sentimita 75, unapata 2,756, ambayo haifiki hata robo tatu ya ekari. Maneno ni yaleyale, shamba tofauti kabisa. Usinunue shamba la "70 kwa 70" bila kujua 70 za nini.

Si lazima ekari iwe mraba. Kipande cha mita 20 kwa 202 nacho ni ekari moja, ila hicho ni ukanda, na ukiukata viwanja utapata shida ya njia.

Hati imeandika "Ha 0.045". Nimeuziwa kidogo?

Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Chukua namba ya hekta, izidishe kwa 10,000: 0.045 ni mita za mraba 450. Kupata ekari, zidisha hekta kwa 2.47.

Kuwa makini na sifuri. 0.405 ni ekari moja nzima. 0.0405 ni mita za mraba 405, kiwanja cha nyumba moja. Nukta na sifuri moja vinatenganisha shamba na kiwanja, kwa hiyo soma hati ukiwa na kikokotoo mkononi, usisomewe.

Ndugu zetu wa Kenya wanasema "50 kwa 100" na "eighth". Ni sawa na nini huku?

Hizo ni futi. Futi 50 kwa 100 ni mita 15.24 kwa 30.48, ambazo ni mita za mraba 464.5. Sokoni huitwa "eighth", yaani moja ya nane ya ekari, ingawa moja ya nane kamili ni mita za mraba 506. Tofauti ya mita 41 inatokana na mazoea ya biashara na nafasi iliyokatwa kwa barabara. Kipande cha 40 kwa 80 ni mita za mraba 297.

Jambo moja la kisheria kwa anayenunua Kenya: chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, ramani ya usajili huonyesha mipaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale mipaka ilipothibitishwa rasmi. Kwa hiyo ukubwa ulio kwenye hati bado unahitaji mpima ardhi aende uwanjani.

Ekari moja inatoa viwanja vingapi vya 20 kwa 20?

Kwa hesabu ya haraka ni kumi, na wengi wananunua ekari wakiwa na kumi kichwani. Haiwezekani, kwa sababu watu wanahitaji njia.

Chora ekari yenye mita 63.6 kila upande. Pitisha barabara ya mita 6 katikati. Kila upande wa barabara unabaki na kina cha mita 28.8. Ukikata viwanja vyenye upana wa mita 14, kila kimoja kinakuwa na mita za mraba 403, na kila upande unatoa vinne, jumla vinane, na kipande cha mita 7.6 kinabaki pembeni kisichotosha kiwanja. Halmashauri ikitaka barabara pana zaidi, na mara nyingi itataka, kina kinapungua na idadi inaweza kushuka chini ya vinane. Kama mnanunua kwa kuchanga, kikundi cha watu kumi msigawane ekari moja kwa mdomo. Anzeni na mchoro.

Kiwanja kimepinda, hakuna pande mbili zinazolingana. Napimaje?

Usichukue wastani wa pande zinazotazamana kisha ukazidisha. Ndivyo wanavyofanya wengi, na jibu huwa kubwa kuliko ukweli.

Chukua mfano wa kiwanja chenye pande za mita 20, 15, 17 na 28 kwa kuzunguka. Wastani wa 20 na 17 ni 18.5. Wastani wa 15 na 28 ni 21.5. Ukizidisha unapata karibu 398, dalali anasema "kamili mia nne". Sasa pima na ulalo, yaani kutoka kona moja hadi kona ya mkabala, ule unaokigawa kiwanja kuwa pembetatu mbili. Tuseme ni mita 25. Pembetatu ya kwanza ina pande 20, 15 na 25. Ya pili ina 25, 17 na 28.

Kwa kila pembetatu, jumlisha pande tatu, gawa kwa mbili. Ya kwanza inatoa 30. Toa kila upande kutoka 30: unapata 10, 15 na 5. Zidisha 30 × 10 × 15 × 5, unapata 22,500, na kipeuo chake cha pili ni 150. Ya pili inatoa 35, na ukitoa pande unabaki na 10, 18 na 7. Zidisha, unapata 44,100, kipeuo chake ni 210. Jumla ni mita za mraba 360.

Mita 38 zimeyeyuka. Kwa shilingi 20,000 kwa mita ya mraba ungekuwa umelipa zaidi ya 750,000 kwa ardhi ambayo haipo. Simu yoyote ina kikokotoo kinachofanya hesabu hiyo kwa dakika mbili. Cha muhimu ni kukumbuka kupima ulalo, na ikiwezekana pima yote miwili ujihakiki.

Kiwanja kiko mlimani. Kuna tofauti?

Ipo. Ramani hupima ardhi kama inavyoonekana kutoka juu, kwa usawa, si kwa kufuata mteremko. Ukilaza tepu ya mita 30 kwenye mteremko wa nyuzi 20, kwenye ramani itakuwa mita 28.2. Wanunuzi wa Lushoto, Moshi vijijini na milima ya Mwanza wanakutana na hili sana: tepu yao inasoma zaidi ya ramani, wanadhani mpima amekosea. Hajakosea.

Naweza kupima kwa programu ya simu?

Kwa shamba la ekari kumi, inakupa picha nzuri ya awali. Kwa kiwanja, hapana. Simu ikiwa mahali peupe inaweza kukosea mita tatu hadi tano, na chini ya miembe au katikati ya nyumba zilizobanana inakosea zaidi. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, ikiwa kila upande utasomeka kwa makosa ya mita tatu, jibu linaweza kuwa popote kati ya 289 na 529. Vifaa vya mpima ardhi vinakosea kwa sentimita.

Nimeingiza koodineti (namba zinazoonyesha kila kona iko wapi) za ramani ya upimaji kwenye simu, ikanionyesha kiwanja cha mtu mwingine. Nimetapeliwa?

Huenda hujatapeliwa, tulia kwanza. Ramani nyingi za upimaji nchini zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na simu inatumia mfumo wa WGS 84. Ukichukua namba za mfumo mmoja ukazisoma kwa mwingine bila kuzibadilisha, kiwanja kinahama takriban mita 300. Watu wameshagombana na wauzaji waaminifu kwa sababu hii, na wengine wameridhika na kiwanja kisicho chao kwa sababu simu "ilithibitisha".

Angalia pia kanda, yaani ukanda wa ramani ambamo koodineti zinahesabiwa. Dar es Salaam, Pwani, Arusha na Moshi ziko kanda ya 37 Kusini. Dodoma na Mwanza ni kanda ya 36 Kusini. Ukikosea kanda, simu itakupeleka mkoa mwingine kabisa, hilo angalau unaligundua mara moja. La mita 300 ndilo hatari, kwa sababu linakuacha mtaa uleule. Mpe mpima azibadilishe.

Bikoni ni nini, na naikaguaje?

Ni alama ya kona ya kiwanja kilichopimwa: nondo iliyokitwa kwenye zege, na namba yake huandikwa juu ya zege likiwa bichi. Fyeka majani, fukua udongo, soma namba, kisha ilinganishe na namba iliyo kwenye ramani ya upimaji. Hesabu kona zote. Kama ramani ina kona nne na wewe umeonyeshwa bikoni tatu, ya nne itafutwe kabla ya malipo, maana mara nyingi ndiyo iliyomezwa na ukuta wa jirani.

Kisha pima umbali kutoka bikoni hadi bikoni ulinganishe na namba za ramani. Bikoni inaweza kung'olewa na kusogezwa. Kufanya hivyo ni kosa kisheria, lakini hufanyika, na zege jipya kwenye kiwanja kilichopimwa miaka ya 2000 ni jambo la kuuliza.

Muuzaji ana "mchoro wa TP". Unatosha?

Hautoshi kuthibitisha ukubwa. TP ni "town planning", yaani mipangomiji, na mchoro wake unaonyesha mpango: hapa makazi, hapa shule, hapa barabara. Ramani ya upimaji iliyoidhinishwa ndiyo yenye vipimo, koodineti na namba za bikoni. Halafu kuna ramani ya hati, ile ndogo inayoambatana na hatimiliki, inayoonyesha kiwanja chako peke yake. Omba namba ya kiwanja na kitalu, kisha fanya upekuzi ofisi ya ardhi. Ukubwa unaosomeka kule ndio ukubwa. Barua ya serikali ya mtaa inamtambulisha muuzaji na kushuhudia mauziano, haipimi ardhi.

Eneo halijapimwa. Nisinunue?

Sehemu kubwa ya miji yetu imejengwa hivyo, na kukwambia usinunue kabisa kungekuwa kukufungia mlango. Ila lipa ukijua kwamba ukubwa wa leo unaweza kupungua. Urasimishaji wa makazi, yaani kupanga na kupima maeneo yaliyokwisha kujengwa bila kupimwa, ukifika, barabara za mtaa hupanuliwa na kila mwenye kiwanja huachia kidogo. Kiwanja cha mita za mraba 400 kilicho kwenye kona, chenye njia pande mbili, kinaweza kupoteza zaidi kuliko cha katikati. Ulizia ofisi ya mtaa kama urasimishaji umeanza na mchoro umeshapita. Ukiwepo, uone kiwanja chako kimebaki na kiasi gani kwenye mchoro, usitazame uzio.

Je, eneo lote nililonunua naweza kulijenga?

Hapana, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu watu wamepoteza nyumba.

Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukihesabu kutoka katikati ya barabara. Ndiyo asili ya zile alama za X: ya kijani kwa waliokuwepo kabla barabara haijawafuata, wanaostahili fidia, na nyekundu kwa walioingia hifadhini. Barabara nyingine zina hifadhi kubwa zaidi. Kati ya Kimara na Kiluvya, kwenye barabara ya Morogoro, ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kupisha upanuzi. Wengi wao walikuwa na karatasi za mauziano zenye vipimo sahihi kabisa. Kipimo kilikuwa sahihi, mahali ndipo hapakuwa sahihi.

Kandokando ya mto, ziwa na bahari, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Anayekuuzia kiwanja cha "kushuka mpaka maji yanapogusa" anakuuzia na sehemu usiyoruhusiwa kujenga. Toa eneo hilo kwenye hesabu kabla ya kupatana bei.

Ukishatoa hayo, halmashauri itataka uache nafasi kutoka kwenye mipaka kabla ya kukupa kibali cha ujenzi. Muulize afisa mipangomiji wa eneo husika ni mita ngapi. Kiwanja chembamba huumia zaidi: mita 10 kwa 40 na mita 20 kwa 20 vyote ni 400, lakini ukiacha mita mbili kila upande, cha kwanza kinakubakizia nyumba ya upana wa mita sita.

Mkataba uandike nini kuhusu ukubwa?

Usiandikwe "kiwanja kimoja kilichopo Mbezi". Uandike mita za mraba kwa tarakimu na kwa maneno, urefu wa kila upande, anayepakana nawe kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, na koodineti za kila kona pamoja na jina la mfumo. Majirani wa pande zote wawepo siku ya kupima, na wasaini. Jirani ambaye hakuitwa leo ndiye atakayekuja na panga siku ya kuchimba msingi.

Ongeza kifungu hiki, ambacho muuzaji mkweli hatakikataa: bei ni shilingi kadhaa kwa kila mita ya mraba, na malipo ya mwisho yatafuata ukubwa atakaothibitisha mpima ardhi aliyesajiliwa. Bakiza sehemu ya fedha hadi kipimo kitoke. Bila kifungu hicho, upungufu ukigundulika utaambiwa uliona mwenyewe na ukaridhika.

Gharama ya mpima alipe nani?

Mnunuzi, hata kama muuzaji anajitolea kulipa. Anayemlipa mpima ndiye anayepewa ripoti. Na kumbuka kodi ya pango la ardhi hukokotolewa kwa ukubwa na matumizi ya kiwanja, kwa hiyo namba atakayoiandika utaendelea kuilipia kila mwaka.

Niko Muscat, ndugu yangu ananinunulia nyumbani. Nitajuaje ukubwa?

Usimwombe picha ya kiwanja. Picha ya nyasi na anga haina kipimo. Mwombe video moja isiyokatwa: aanze kwenye bikoni ya kwanza aonyeshe namba yake, avute tepu hadi ya pili, asome mita kwa sauti, aendelee hivyo hadi arudi alipoanzia, kisha apime ulalo. Wewe huku fanya hesabu ya pembetatu. Namba zikikubaliana na ramani ya upimaji uliyotumiwa, mtume mpima ambaye wewe umemtafuta, tofauti na aliyeletwa na dalali, na fedha zitoke baada ya ripoti yake kukufikia wewe moja kwa moja.